Joshini na Demani: Mbio za Glaida Katika Upepo Mkali wa Mbeya na Iringa



Chombo ninachokusudia kukisemea ni glaida ya kuning'inia, yaani bawa la kitambaa lililotandazwa juu ya mabomba ya alumini, lisilo na injini wala usukani, ambalo rubani hulala chini yake akiwa amefungwa mikanda, akiliongoza kwa kuusogeza mwili wake mbele, nyuma na kandoni. Mashindano yake ni mbio za kuzunguka vituo ambavyo waamuzi huvichagua asubuhi, na anayewahi kufika mwisho ndiye mshindi. Nimeona si lazima elimu hii tuisome kwa milima ya ughaibuni, ilhali Mbeya na Iringa zimejaaliwa upepo unaotosha kuifundisha.

Upepo wa kusi, ambao manahodha wa mwambao huujua kwa matanga, hauishii pwani. Huvuka Bonde la Kilombero, ukaikwea milima ya Udzungwa, ukaacha unyevu wake mashariki, kisha ukashuka mkavu upande wa Iringa. Na msitu mnene huku, nyasi za rangi ya kahawia kule, ni shahidi wa kutosha kwa mwenye macho. Mabaharia wetu huuita upande unaotoka upepo joshini, na ule unaokwenda upepo demani, na sioni kwa nini rubani aazime maneno mengine. Joshini mwa mlima hewa hupanda na kulibeba bawa. Demani huporomoka na kujipinda, mithili ya maji ya mto yaliyopita jiwe.

Nilisimama siku moja ya Septemba katika barabara ya Chunya, juu ya mji wa Mbeya, nikautazama moshi wa shamba lililochomwa chini ya kilele, upande wa demani. Badala ya kufuata upepo, moshi ule ulitambaa kuupanda mlima kinyume chake, na ulipofika ukingoni ukanyakuliwa ghafula na kutupwa kuelekea uwanda wa Usangu. Rubani anayeingia mahali kama pale akidhani yumo katika upepo mmoja atakuta bawa lake limo katika pepo mbili zinazogombana.

Sasa natuingie katika hesabu. Rubani aendaye kilomita 60 kwa saa hewani, akikabiliwa na upepo wa kilomita 40, husogea kilomita 20 tu kwa saa. Kituo kilicho mbali kilomita 20 humlia saa nzima, na kurejea ni dakika 12. Akizunguka robo saa katika hewa moto inayopanda ili apate kimo, atakuwa amerudishwa nyuma kilomita 10. Kwa hiyo kimo atakachokihitaji kwenda mbele na akitafute joshini mwa miteremko, ambako anaweza kusubiri bila kurudishwa nyuma, wala asizifuate chamchela za uwanda wa Usangu, maana hewa ipandayo juu yazo imelala pamoja na upepo na itamchukua asikotaka.

Tumbusi nao huitegemea hewa ipandayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu Colin Pennycuick aliwafuata Serengeti kwa glaida yenye injini ndogo, akawaona wakivuka masafa marefu kwa kupanda na kuteleza, pasipo kupiga mbawa isipokuwa kwa dharura.

Lakini linalonisumbua zaidi ni hukumu ya waamuzi kuhusu siku ifaayo kuruka. Mwendo wa upepo ukizidi maradufu, msukumo wake huzidi mara nne, na kilele cha Loleza, kipitacho meta 2,600, kina hewa nyepesi inayomlazimu rubani kukimbia kwa kasi zaidi kuliko pwani ndipo bawa limchukue. Kupima upepo penye uwanja wa kutua, kisha kuwaamuru watu waruke kutoka kileleni, ni dhuluma. Naomba basi, kabla ya siku ya kwanza ya mbio zozote zitakazofanyika hapa, mwamuzi mmoja apande na kipimo chake hadi ukingoni, na mwingine akae upande wa demani autazame moshi na majani, na neno lao wawili litoshe kuifuta siku nzima, hata kama marubani wote wamekwisha kufunga mikanda.