MTARO ULIO MBELE YA NYUMBA YAKO



Mji wetu wa Nakuru umekaa mteremkoni. Juu ni Menengai, chini ni ziwa, na ziwa hilo halina mto wa kuyatoa maji. Mvua inyeshapo, maji hushuka kutoka ploti hadi ploti, na takataka tuzitupazo mtaroni huchukuliwa kuelekea ziwani.

Mtaro wa mtaa wetu ulipobomoka, sisi wenye nyumba tulikutana. Wa juu tulisema, "Kwetu maji hupita tu, watengeneze wa chini." Wengine tukasema, "Tunalipa kodi ya ardhi. Hiyo ni kazi ya kaunti." Neno hili la pili lina haki yake. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya mitaro ya maji ya mvua mahali penye majengo. Kwa hiyo tuliandika barua, wala hatutachoka kukumbusha. Lakini mvua haikungoja jibu. Usiku mmoja maji yaliingia nyumba ya mwisho, kwa mama mmoja mjane. Alikesha amewapandisha wajukuu juu ya meza.

Kulipokucha tulikwenda kumpa pole, tukaona aibu. Maji yale yalitoka wapi? Yalitoka kwenye mabati yetu, na kwenye nyua zetu tulizozisakafia kwa saruji. Udongo uliokuwa ukiyanywa tumeufunika sisi, kisha hasara tukamwachia jirani.

Ndipo tukamkumbuka Nehemia. Sura ya tatu ya kitabu chake ni orodha ya watu waliotengeneza ukuta wa Yerusalemu, na baadhi yao walitengeneza mbele ya nyumba zao wenyewe. Watekoi nao walikuwamo, ingawa wakuu wao walikataa kazi. Na tukiendelea kusoma, tunawakuta Watekoi hao hao wakitengeneza sehemu ya pili.

Basi tuligawana gharama hivi: kila mtu alilipia urefu wa mtaro ulio mbele ya ploti yake, na mwenye ua wa saruji akaongeza, kwa kuwa maji yake ni mengi. Wapangaji hatukuwapandishia kodi. Yule mama tulitaka kumsamehe; akakataa, akaleta alichokuwa nacho, asije akahesabiwa mgeni mtaani kwake. Mmoja wetu hakutoa kitu. Tulinung'unika, kisha tukakilipia kipande chake, maana mtaro wenye pengo hauna faida kwa aliye chini.

Je, ndugu, maji ya kwetu yanamwendea nani? Jioni ya leo, mvua kabla haijaanza, tutoke nje tukatazame. Kisha tubishe hodi kwa jirani wa chini, tumwulize alilalaje mvua iliyopita.

Mungu atupe moyo wa kuuliza, na mkono wa kutoa. Amina.