Mnara wa Simu Karibu na Shule: Tupime, Tusikisie

(Mazungumzo ya Afisa Afya wa Halmashauri mbele ya mkutano wa wakazi wa kata)



Bibi mmoja aliniuliza juzi: "Mwanangu, mnara ule umesimama karibu na darasa la wajukuu zangu. Nitajuaje kwamba hauwadhuru?" Swali lake ni la haki. Halijibiwi kwa hofu, wala kwa maneno ya kubembeleza. Hujibiwa kwa kipimo.

Mnara hutoa mawimbi ya redio, ambayo si mionzi ayonisha kama ile ya eksirei. Athari yake iliyothibitika ni kuupasha mwili joto yanapozidi kiasi. Ukomo unaopendekezwa kimataifa kwa wananchi ni wati 4.5 kwa mita ya mraba katika masafa ya megahezi 900, na wati 9 katika megahezi 1800. Ni kweli pia kwamba mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, ijapokuwa ushahidi ulikuwa haba. Ndiyo maana hatudharau swali la bibi.

Mpimaji husimama pale watu wanapokaa: darasani, uani, barazani. Hushika kipimo usawa wa mwili, kisha hutafuta wastani wa dakika kadhaa, kwa kuwa nguvu ya mnara hupanda na kushuka kadiri simu zinavyopigwa. Msishangae akienda mbali na nguzo. Antena humulika mbele kama kurunzi, hivyo chini yake mawimbi mara nyingi huwa hafifu. Na mbele ya antena, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu hubaki robo.

Wenye dhamana ya kusimamia mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Naomba mwenye wasiwasi aandike barua kwa Mtendaji wa Kata, ataje mahali hasa panapomtia shaka, ili maombi yetu yaende pamoja.

Majibu yakija, yasomwe hadharani, namba kando ya ukomo wake. Ikizidi, tudai marekebisho bila woga. Ikiwa chini, watoto wasizuiwe tena kwenda shule kwa sababu ya uvumi.