Mnyama Aliyezikwa Mara Mbili

Leo twataka kuzungumza habari za mnyama ambaye hapana mtu aliyepata kumwona hai, wala babu zetu wala babu za babu zetu. Na juu ya hayo mifupa yake ilikuwamo katika nchi hii kabla ya kuwako mtu duniani. Jina lake ni Rukwatitan bisepultus.

Mnyama huyu ni wa jamii ya dinosaria waitwao sauropodi, ndio wale wenye shingo ndefu, mkia mrefu, kichwa kidogo, na miguu minne mfano wa nguzo. Chakula chao kilikuwa majani na miti. Aliishi yapata miaka milioni 100 iliyopita. Urefu wake wakadiriwa kuwa mita 9 hivi, na mguu wake wa mbele mita 2. Asiyejua atasema huyu ni mkubwa mno. Lakini katika jamii yake alikuwa wa kadiri tu. Yule wa Tendaguru, upande wa Lindi, ambaye mifupa yake imesimamishwa katika nyumba ya makumbusho mjini Berlin, kimo chake chapita mita 13.

Sasa yafaa tueleze jinsi alivyoonekana. Wataalamu waliokuwa wakitafuta katika Bonde la Rukwa, kusini-magharibi ya Tanzania, waliona mifupa imechomoza katika ukuta wa genge. Kuitoa haikuwa kazi nyepesi, hata wakataka msaada wa wachimbaji wa makaa ya mawe, watu waliozoea kupasua mwamba. Kazi ilichukua misimu miwili. Zilipatikana pingili za uti wa mgongo, mbavu, mifupa ya miguu na ya nyonga, kichwa hakikupatikana. Mwaka 2014 Eric Gorscak wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, pamoja na wenzake, walimtangaza kwa jina lake.

Labda mtauliza, Walijuaje kuwa ni mnyama mpya, na hali mifupa ni pungufu? Jibu ni hili: kila mfupa una alama zake, kama kazi ya seremala ijulikanavyo kwa mkono wake. Walipiga picha za mionzi waone ndani ya mifupa, wakailinganisha na ya wanyama wengine, hasa Malawisaurus wa nchi jirani ya Malawi, wakaona alama zisizopatana. Habari hiyo ina thamani, kwa kuwa hata mwaka ule katika Amerika ya Kusini wanyama wa ukoo wake walikwisha julikana zaidi ya 30, na katika Afrika wanne tu.

Neno bisepultus ni la Kilatini, maana yake aliyezikwa mara mbili. Alipokufa, mafuriko yalimfunika kwa udongo. Baadaye mto ulipita pale, ukafukua sehemu ya mifupa yake, kisha ukaifukia tena. Udongo uligeuka mwamba, na madini yaliyomo majini yakapenya mifupani hata ikawa mawe.

Haya yalijulikanaje? Yalijulikana kwa sababu mifupa ilikutwa mahali pake, kila mmoja katika mchanga wake na udongo wake. Kama mtu angaliitoa kwanza na kuirundika uani kwake, mifupa ingalikuwapo, lakini habari ya kuzikwa mara mbili ingalipotea milele.

Hiyo ndiyo shabaha ya maneno yetu. Mfupa ukichomoza haudumu. Mvua huula, jua huupasua, na jembe huuvunja. Basi mkiona jiwe lenye umbo la mfupa katika korongo au ukingo wa mto, msilichimbe, msilivunje, wala msimwuzie mpita njia. Wekeni alama mahali pale, mkampashe habari mwalimu au mkubwa wa kijiji, naye apeleke habari wilayani. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba vitu hivi pasipo ruhusa.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 wapagazi wa nchi hii walichukua mizigo ya mifupa ya Tendaguru kwa miguu hata Lindi, ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Siku hizi wanyama wa Bonde la Rukwa wamepata hata majina ya lugha yetu: Shingopana, aliyetangazwa mwaka 2017, na Mnyamawamtuka, wa mwaka 2019, ambaye jina lake ni la mto Mtuka. Walimu na wawafundishe watoto majina haya, na kila mwenye macho aangalie vema ardhi anayoikanyaga. Huenda kichwa kile kisichopatikana kingali kimelala katika mwamba.