Tangi la Boti Linapungua, Bomba Limefungwa

Kama boti yako ina tangi la maji ya kunywa na pampu ya umeme, ikague usiku kukiwa kimya. Funga mabomba yote, iache pampu na umeme. Ikinguruma yenyewe mara kwa mara, maji yanatoka mahali, au yanarudi tangini kupitia valvu ya pampu iliyochoka. Kabla ya kufumua sakafu, hakikisha tangi linapungua kweli.

Linapungua? Kausha ngama kabisa. Usionje maji yake kutafuta chumvi. Mle mna dizeli na uchafu. Tia rangi ya chakula tangini uone kama itatokea chini. Isipotokea na maji yanaongezeka, huenda ni ya bahari, na hiyo ni dharura nyingine.

Tandika tishu kavu chini ya kila kiungio, urudi baada ya saa moja. Tone ambalo jicho halilioni kwenye mpira mweusi huacha duara lililolowa kwenye tishu. Usilisahau tangi la maji moto: maji yakipashwa hutanuka, na valvu ya usalama humwaga kidogo. Kwa kutojua hilo, wengi hukaza viungio vizima bure. Wenye boti za mbao, msichelewe: maji yasiyo na chumvi huozesha mbao upesi kuliko ya bahari.