Masikio ya Mbwa na Ulinzi wa Shamba

Leo tuyaache mahindi na viazi kidogo, tumzungumze yule mlinzi anayelala kando ya ghala lako, yaani mbwa.

Ukipita vijijini kwetu, kuanzia Rungwe mpaka Mufindi na Kilolo, utakuta mbwa waliokatwa masikio. Mtoto wa mbwa hushikwa miguu, masikio yakakatwa kwa wembe au kisu, kidonda kikapakwa jivu, basi. Ganzi hakuna.

Mzee mmoja wa Kilolo, mkulima hodari kweli kweli, nilimwamkia nikamwuliza sababu. Akanijibu: "Marahaba mwanangu. Mbwa wa masikio marefu ni wa kuchezewa na watoto. Huyu wangu hata nguruwe mwitu wanamjua." Wengine husema mbwa akikatwa husikia vizuri zaidi, na wengine kwamba kupe hukosa pa kujificha.

Tuanze na kusikia. Mtu akikuita toka ng'ambo ya bonde, wewe hufanya nini? Huweka kiganja nyuma ya sikio. Sikio la nje la mbwa hufanya kazi hiyo hiyo, tena yeye huligeuza kule sauti inakotoka. Ukilikata umemnyang'anya kiganja chake, na tundu limebaki wazi kwa mvua, vumbi na wadudu. Na mvua za huku kwetu unazijua mwenyewe.

Kupe je? Kupe hukaa pia shingoni, chini ya mkia na katikati ya vidole. Utakata vyote? Mwulize bwana mifugo dawa inayofaa mbwa. Usimwogeshe kwa maji ya josho yaliyobaki, maana mbwa hujilamba, na dawa nyingine za ng'ombe ni sumu kwake. Kidonda chenyewe nacho huvuta nzi, hasa masika. Nimekwisha kutoa mabuu katika masikio ya watoto wa mbwa zaidi ya mara moja, na wengine hawakupona.

Sasa tuje kwenye ukali, kwa sababu hapa ndipo penye hatari yenyewe. Mwaka huo huo tulirudi kijijini kwa mzee siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Watoto walileta mbwa kwa kamba za katani, kama kawaida. Kazi hii hufanywa na watoto. Mjukuu wa mzee akamleta yule mbwa asiye na masikio. Mkono ulipomkaribia shingoni tu, mbwa aligeuka, akamwuma kijana kiganjani, akakata kamba, akatokomea mahindini. Hakuwa amechanjwa hata mara moja, kwa sababu kila mwaka ilikuwa hivyo hivyo.

Tulimwosha kijana kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukampeleka hospitali akaanza sindano. Mbwa alipopatikana alifungwa akaangaliwa siku 10, akabaki mzima. Tulishukuru. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona, kwa hiyo mtu asingoje kuona kama mbwa atakufa. Aoshe jeraha na aende hospitali siku ile ile.

Yule mbwa hakuwa mkali, ndugu yangu. Alikuwa anaogopa mikono. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mtoto wa mbwa hujifunza nani rafiki, na ndio umri ambao wengi wetu tunachukua wembe. Tena mbwa huonyesha hasira na hofu kwa masikio yake: huyalaza, huyasimamisha. Asipokuwa nayo, mtoto ataonaje kwamba mbwa anamwonya?

Vijana wa mjini nao huniletea picha za mbwa aina ya Doberman, masikio juu kama pembe, wakisema ndivyo alivyozaliwa. La hasha. Huzaliwa na masikio yanayolala, yanakatwa. Uingereza wameliacha jambo hilo toka mwisho wa karne ya 19, na Doberman wao wanalinda vile vile. Sisi nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu.

Ukitaka mlinzi, chagua mtoto wa mama anayebweka vizuri. Mlishe ashibe, pumba tupu haimtoshi. Mfunge mchana mahali penye kivuli, mfungue usiku. Mshike shingo, miguu na masikio kila siku angali mdogo, wewe na watoto, ili siku ya chanjo asishtuke. Chanjo ni akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka.

Mzee wa Kilolo ana watoto 4 wa mbwa sasa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho amesema atawaacha wawili na masikio yao, na wawili wengine ataamua baada ya mavuno. Nimemwomba awaache wote. Hajanijibu, lakini wembe amempa mjukuu auweke.