Mtambaazi wa Maua ya Usiku na Marando Yetu

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Igamba)



Baada ya kumaliza habari za vitabu vya fedha, nimeomba dakika chache nizungumze juu ya ua. Naona baadhi yenu mnatabasamu, nanyi mna haki, maana hamjazoea kumsikia mkaguzi akitaja maua. Lakini jambo hili nalo ni la hesabu. Msimu uliopita niligawa mbegu katika bahasha kwa makatibu kadhaa waliouona mmea huo barazani kwangu wakaupenda. Niliwapa mbegu bila maelezo kamili. Mtu adaiye stakabadhi kwa wenzake hana budi kutoa na ya kwake.

Mmea wenyewe ni mtambaazi, nao ni ndugu wa kiazi kitamu. Wataalamu huuita Ipomoea alba. Kiazi kitamu wakakiita Ipomoea batatas. Jina la ukoo ni moja, na asili ya wote wawili ni nchi za joto za Amerika. Majani yake ni mapana, yenye umbo la moyo. Maua yake ni meupe, mapana kama kiganja, nayo hufunguka jua linapotua. Ukikaa kimya barazani waweza kuliona ua likifunguka mbele ya macho yako na kutoa harufu nzuri. Kesho yake jua likipanda, limekwisha kusinyaa. Weupe na harufu ile ni mwito kwa nondo wakubwa warukao usiku, wenye mrija mrefu wa kufyonzea. Mtu aliyeshinda shambani, au kwenye mizani ya kahawa, hapati nafasi ya kutazama maua ya mchana. Hili humngoja arudi, na ndiyo sababu nalipenda.

Tena si mmea wa kudharauliwa. Mwaka 1999 watafiti wa Massachusetts Institute of Technology walieleza jinsi watu wa kale wa Mexico na nchi jirani, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walivyochanganya maji ya mtambaazi huu na utomvu wa mti wa mpira, wakapata mpira wa kuchezea unaodunda.

Kuupanda si kazi kubwa. Mbegu ina ganda gumu. Ikwaruze kidogo kwa jiwe au kisu, kisha iloweke katika maji usiku mmoja. Ipande mvua za Novemba zikishatulia, mahali penye jua, kina kama pingili moja ya kidole. Uipe fito imara au waya, kwa kuwa hupanda zaidi ya mita 5. Samadi iwe kidogo. Ukiizidisha utavuna majani matupu. Usiuache uparamie mibuni, maana utaifunika na kuwasumbua wachumaji. Na watoto waambiwe kuwa mbegu zake si za kula.

Sasa nifike kwenye deni langu. Nilipokuwa kituo kingine cha kazi, niliupanda kwenye ua wa bafu, mahali ambapo maji hayakauki. Hapo hapo mama watoto alikuwa na kitalu chake cha marando. Ninyi mnajua desturi hii: mvua zikikatika, shamba la viazi hukauka, na mbegu ya mwaka ujao huokolewa kwenye kipande kidogo cha ardhi kinachopata maji ya kuogea. Maua yalistawi, wageni wakasifu. Ilipofika Agosti majani ya marando yalianza kuwa madogo, yamekunjamana, yenye umanjano. Novemba hatukuwa na rando moja la kufaa kupandwa. Mke wangu alikwenda kuomba kwa jirani, akiwa na panga mkononi, na njiani hakusema neno nami.

Je, ua ndilo lililokosa? Siwezi kuapa. Mkaguzi hamtii mtu hatiani kwa kuwa tu alikuwa ofisini siku fedha zilipopotea. Lakini yajulikanayo ni haya. Ugonjwa wa kudumaza viazi vitamu huletwa na virusi, na virusi hivyo huchukuliwa na inzi weupe na vidukari kutoka mmea hadi mmea. Uchunguzi uliofanywa Uganda umekuta virusi hivyo katika mimea ya porini ya ukoo huu. Fukusi wa viazi naye hujificha katika mimea ya ukoo huu huu, na kiazi alichokitoboa huwa kichungu, hakiliki. Tena yupo nondo mmoja mkubwa wa usiku ambaye viwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Wajibu wa kumwita karibu na kitalu siuoni.

Ubaya wa kitalu kuugua ni kwamba kiazi hakipandwi kwa mbegu, bali kwa kipande cha rando. Ukikata rando lenye ugonjwa, umeupanda ugonjwa shamba zima. Familia ambayo mahindi yake yamekwisha hutegemea viazi na matembele, nayo haitashibishwa na harufu ya maua.

Kwa hiyo nawaomba. Aliyepanda karibu na kitalu, aung'oe wote na kuuchoma. Anayetaka kuendelea nao, aupande mbele ya nyumba, kitalu kibaki nyuma, na kama shamba la viazi liko mlangoni, basi aache kabisa. Umbali hupunguza hatari, hauiondoi, kwa kuwa inzi weupe huruka. Majani yakianza kukunjamana, usingoje ushauri wangu, ng'oa. Marando ya kupanda yachaguliwe kwenye mashina yenye afya tu, hata kama ni machache.

Majina ya waliopokea bahasha ninayo katika daftari langu. Katika ukaguzi ujao nitaomba kwanza kuoneshwa kitalu, ndipo tufungue kitabu cha fedha.