Tulichokikuta Chini ya Mawe ya Mtoni
(Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano wa mwaka)

Ndugu zetu wote wa Mgeta mlioko hapa Dar es Salaam, nanyi mliopanda basi jana kutoka nyumbani:

Mwaka jana mlichanga fedha za kuipelekea sekondari yetu maji ya bomba. Sisi wa kamati tulikuwa tumeshachagua mahali pa kujenga banio: pale chini ya daraja la miti, karibu na shule, ambapo bomba lingekuwa fupi na gharama ndogo. Leo tunakuja kuwaambia kwamba hatujajenga, na waliotuzuia ni wanafunzi.

Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili mtoni pamoja na mwalimu wao wa bayolojia. Vifaa vilikuwa vyandarua vikuukuu vilivyofungwa kwenye waya, mabeseni meupe, vijiko, na karatasi yenye picha za wadudu. Mwanafunzi mmoja anashika wavu. Mwenzake anasimama upande maji yanakotoka na kusugua mawe kwa miguu na mikono, na viumbe vilivyojishikiza huko vinachukuliwa na mkondo hadi wavuni. Baada ya dakika tano wavu unamwagwa kwenye beseni. Walioogopa mwanzoni, kufika beseni la pili walikuwa wanagombea kijiko. Mmoja wetu aliteleza akalowa mpaka kiunoni, na mpaka leo akipita shuleni anachekwa.

Walitumia njia ya miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini. Kila kundi la viumbe lina alama zake: wasiovumilia uchafu alama nyingi, wavumilivu alama chache. Unajumlisha, kisha unagawa kwa idadi ya makundi uliyoyapata. Wataalamu wetu Tanzania wana mfumo wao wa kina zaidi, TARISS, wenye msingi huohuo.

Juu, karibu na msitu, walipata mdudu wa mikia miwili anayependa maji baridi yaendayo kasi, alama 17, wa mikia mitatu, mwenye matamvua ubavuni, alama 11, yule anayejijengea kijumba cha vijiwe, 9, kaa, 6, na mtoto wa kereng'ende, 6. Jumla 49, wastani 9.8. Chini ya daraja walipata konokono, alama 4; minyoo, 2; ruba, 2; na watoto wa mbu na nzi, 2. Jumla 10, wastani 2.5. Kwa mto wa mawe, wastani ulio chini ya 5.1 ni hali mbaya sana.

Wengi wetu tulibisha. Maji ya pale ni maangavu, unaona mchanga chini! Binti mmoja akatujibu kwa adabu kwamba maji unayochota kwenye chupa yanaeleza ya leo tu, lakini mdudu ameishi chini ya jiwe lile kwa miezi, na kila kilichopita kimempitia yeye. Tulinyamaza. Siku ile hakuna aliyekuwa akipulizia dawa, lakini sote tunajua solo zinasafishwa wapi jioni. Dawa ya kuua wadudu wa kabeji haichagui. Wa mtoni nao wanakufa. Na udongo unaoshuka kutoka kwenye matuta yaliyobomoka unajaza nafasi kati ya mawe, mahali wanapojificha. Kipi kimeharibu zaidi, hatukupima.

Na tuwe wakweli: bustani mojawapo iliyo juu ya daraja lile ni ya ukoo wa mmoja wetu tuliosimama hapa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye miteremko yetu, ukipima mita 60 kila upande, kuna familia zitabaki bila shamba. Hatukuja kumfukuza mtu. Tumekubaliana kwanza na wenye bustani sita kwamba solo zioshwe shambani, mbali na maji, na kwamba matuta yarudishiwe majani. Wanafunzi watarudi na nyavu zao kila baada ya miezi mitatu kuangalia kama mdudu wa mikia mitatu amerudi.

Nanyi mnaofungua bomba Kimara na Mbezi msidhani habari hii ni ya huko milimani tu. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo mnayokunywa.

Sasa ombi letu. Banio lijengwe juu, karibu na msitu, na kwa hiyo tunahitaji rola nne zaidi za bomba, pamoja na sufuria kubwa mbili za kuchemshia maji. Sufuria ni za lazima, maana wadudu hawa hawatuambii lolote kuhusu vijidudu vya kuhara, hata kule juu. Mchango wa mwaka jana upo wote benki, na hesabu yake imechapwa ukurasa wa mwisho pamoja na fomu ya ahadi. Tafadhali mtujazie leo kabla ya chakula. Rola zinatakiwa zifike Nyandira kabla ya masika, kwa sababu barabara ile mnaijua.